Kutunza: Historia ya Wapenzi wa Ushairi na Taarab

Kiswahili hakina jina moja la mtu aipendaye sanaa ya mwenzake. Redio humwita mpenzi, na ndivyo watangazaji wanavyotusalimu: wapenzi wasikilizaji. Uwanja wa mpira umemzoesha jina la shabiki. Siasa ina mkereketwa wake, na shekhe ana muridi wake. Majina hayo yote yanasema habari za moyo wa mtu, yaani kiasi anachopenda. Hayasemi anafanya nini. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye kwa wingi wake ndiye aliyejaza kumbi, baraza na viwanja vyetu kwa karne mbili zilizopita, ameingia katika vitabu vya historia kama kelele za nyuma: vigelegele, makofi, umati.

Lipo hata hivyo neno moja linaloisema kazi yake, na wapenzi wa taarab wanalijua vizuri. Neno lenyewe ni kutunza. Anayeinuka katikati ya wimbo akampelekea mwimbaji noti, tunasema anamtunza. Anayekiweka kitu mahali pema kisiharibike wala kisipotee, naye tunasema anakitunza. Lugha imeyaweka matendo hayo mawili katika kitenzi kimoja, na nadhani imefanya hivyo kwa haki. Katika kurasa hizi nataka kuonyesha kwamba historia ya ushairi wa mwambao ni historia ya watu wa namna hiyo pia, na kwamba njia walizoshiriki ndizo zilizoamua kipi kitufikie na kipi kisitufikie.

Tuanze na Muyaka, maana bila mpenzi mmoja leo tungekuwa na jina lake na uchache tu wa tungo zake. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, zama za Mazrui, wakati mji ule ulipokuwa ukivutana na Seyyid Said. Alitunga juu ya vita, biashara, mapenzi, njaa na fedheha za jirani. Mohamed Abdulaziz, aliyemwandikia kitabu mwaka 1979, alionyesha kwamba kwa Muyaka shairi la Kiswahili lilitoka katika shughuli za dini na kuingia sokoni. Lakini tungo za sokoni hukaa vinywani, na vinywa hufa. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye mtu wa Mombasa, alikaa akazikusanya beti zile kutoka kwa watu waliokuwa wakizikumbuka na kuzitia katika maandishi kwa hati za Kiarabu. Alimpa mmisionari W. E. Taylor, aliyeziandikia maelezo. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940 William Hichens akaitoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg, kutokana na karatasi hizo.

Tazama basi mnyororo huo. Kati ya mtunzi na kitabu kuna karne nzima, na katika karne hiyo shairi lilibebwa na watu tusiowajua: mabaharia, wachuuzi, mabibi majumbani, wazee wa barazani. Kila mmoja aliukariri ubeti kwa sababu ulimpendeza, au ulimfaa katika ugomvi wake, au ulimcheka mtu aliyemchukia. Hakuna aliyewalipa. Kisha akaja mmoja aliyefanya zaidi ya kukariri. Sikujua alikuwa mjuzi wa lugha na mtunzi mwenyewe, lakini alipokaa na beti za Muyaka alikaa kama mpenzi: aliuliza, akalinganisha, akaandika, na juu ya yote akaandika kwamba ubeti huu ni wa fulani. Jambo hili la mwisho nitalirudia.

Njia ya pili ya kushiriki ni kunakili. Kabla ya mashine za chapa kuenea, utenzi ulisafiri kwa mkono wa mwandishi. Mtu aliyetaka kuwa na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ilimbidi aunakili au amlipe mwenye hati nzuri amnakilie. Huko Lamu aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo alikuwa Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mchonga mbao, mpiga ala na mchezaji wa ngoma, na kalamu yake iliwafikishia miswada wataalamu kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Kunakili si kazi ya mashine. Mwenye kunakili huchagua, husahihisha anapodhani pamekosewa, na pengine huongeza ubeti wake. Ndiyo maana miswada miwili ya utenzi mmoja hailingani. Wahakiki huhesabu tofauti hizo kama makosa, nami nazisoma pia kama alama za vidole vya wapenzi waliopita.

Njia ya tatu ni kujibu. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hajawahi kuridhika na kusikiliza tu. Akisomewa fumbo hutaka kulifumbua, na akilifumbua hutaka wenzake wajue. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na waliolianzisha walikusudia mafunzo na habari. Wasomaji waliligeuza ukumbi wa malumbano. Makarani, walimu, wafanyabiashara na mabwana shamba walipeleka mashairi kutoka kila upande, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, wa tatu akiwasuluhisha. Mwaka 1946 zilitolewa London juzuu za Mashairi ya Mambo Leo, na ukizipitia utaona jinsi msomaji wa toleo moja anavyokuwa mtunzi wa toleo linalofuata. Mpaka kati ya mwenye kupenda na mwenye kutunga ulikuwa mwembamba sana. Huenda hiyo ndiyo sababu ushairi wetu haukufa ulipoingia shuleni na kugeuzwa somo la mtihani: wengi waliuendeleza bila kuwa na habari na mtihani.

Wapo waliotaka kushiriki pamoja, wakiwa chama. Historia ya beni inajulikana tangu Terence Ranger aliposhughulika nayo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ngoma ile ya kuiga bendi za kijeshi ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, Lamu palikuwa na Kingi na Kinuri, na bara la Tanganyika likaenea Marini na Arinoti. Marini ilijiona ni ya waungwana na wasomi, Arinoti ikawa ya watu wa kazi. Kila upande ulikuwa na wafalme wake, majenerali wake na vyeo visivyo idadi. Nani alikuwa mchezaji na nani alikuwa shabiki? Swali hilo halina jibu, na ndilo jambo zuri la beni. Aliyetoa mchango wa karamu alikuwa ndani. Aliyeshona sare alikuwa ndani. Aliyemtembelea mgonjwa au kumzika maiti wa chama alikuwa ndani, hata kama hakujua kupiga hatua moja ya gwaride.

Wanawake walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Mombasa, ameeleza ushindani wa Ibinaal Watan na Banu Saada, vyama vilivyopambana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Hapa Unguja vilikuwapo vikundi vya taarab vya wanawake kama Sahib el Ari na Nuru el Uyuni, na vijembe vilivyorushwa baina ya vikundi vya namna hiyo vilihitaji akili ya kutunga na akili ya kuelewa. Mwanamke aliyekuwa upande mmoja alijua nyimbo za upande wa pili kuliko zake, maana asingezijua angejibu nini? Huo nao ni ushabiki: kumsikiliza hasimu kwa makini kuliko rafiki.

Tusiupambe ushabiki kupita kiasi. Mashindano hayo yalikula mali za watu, yaligawa mitaa, na ndugu wa nyumba moja walikaa hata hawasemezani. Wazee wa dini walilalamika, na watawala wa kikoloni waliyatazama kwa shaka. Lakini yalizaa tungo. Mtunzi asiye na hasimu huridhika upesi, na mtunzi mwenye watu mia wanaomngoja ajibu kabla ya Ijumaa halali.

Nije kwenye Siti binti Saad, maana kwake njia hizi zote zinakutana. Alizaliwa Fumba, hapa Unguja, yapata mwaka 1880, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina alilopewa ukubwani na watu waliomsikia. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho wapenzi wake walimtunza nacho ni jina, nalo lilifuta lile aliloandikiwa na hali ya wazazi wake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Zilipofika huku ziliuzwa kwa maelfu, na asiyekuwa na gramafoni alisikilizia mkahawani au kibarazani kwa mwenye nacho.

Kabla ya santuri na baada yake, nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa ukumbi. Watu walikwenda na habari: fulani kaonewa mahakamani, karani fulani kala fedha, mke fulani kadhulumiwa. Nyimbo ziliundwa katika mazungumzo hayo. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa na kesi iliyowageukia mashahidi, ulitokana na kisa ambacho mji mzima ulikuwa ukikijadili. Laura Fair alipowahoji wazee wa Unguja kwa ajili ya kitabu chake Pastimes and Politics, kilichotoka mwaka 2001, aliwakuta bado wanaeleza visa vilivyo nyuma ya nyimbo: nani alikuwa nani, kosa lilikuwa la nani, hukumu ilipotoka watu walisema nini. Santuri ina dakika tatu za sauti, na hayo mengine yote hayamo ndani yake. Yalihifadhiwa na wasikilizaji kwa zaidi ya miaka 60, wakiyapokezana. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia Siti wasifu, na kwa kitabu hicho mtunzi mkubwa wa zama zake alijiweka katika safu ya wapenzi. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kikaliita gazeti lake Sauti ya Siti. Kumpa mtu jina na kulirithisha jina lake ni ncha mbili za uzi mmoja.

Katika ukumbi wa taarab wenyewe, kutunza kuna elimu yake. Mgeni hudhani kwamba anayeinuka na noti mkononi anamlipa mwimbaji kwa sauti nzuri. Pengine ndivyo. Lakini wenyeji hutazama kitu kingine: ameinuka kwenye ubeti upi, amepita mbele ya nani, noti ameishika chini au ameipunga juu, na macho yake yako wapi. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuandika Performing the Nation mwaka 2002, ameonyesha jinsi mtunzaji anavyoweza kuuchukua ubeti wa mtu mwingine na kuufanya ujumbe wake mwenyewe kwa mke mwenza, jirani au mdeni, bila kutamka neno. Akiulizwa atasema, mimi nimependa wimbo tu. Mtunzi hakukusudia ugomvi huo na mwimbaji haujui. Usiku ule wimbo umepata maana mpya, na aliyeitia ni msikilizaji. Sijui jina jingine la kazi hiyo isipokuwa utunzi.

Redio na kanda zilibadili upana wa mambo haya zaidi ya asili yake. Vipindi vya salamu vya redio za Tanzania na Kenya vilizaa watu waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya kadi, wakanunua kadi za salamu, wakaunda vilabu, wakatembeleana kwenye harusi na misiba ingawa walianza kwa kusikiana majina tu hewani. Kaseti nayo ilimpa mpenzi kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: uwezo wa kurekodi mwenyewe. Katika uchaguzi wa Lamu wa miaka ya 1974 na 1975, tungo za malumbano zilizojulikana kwa jina la Kimondo zilisambaa kwa kanda, nyumba kwa nyumba, kila mwenye mashine akimtolea jirani nakala. Tungo za Ustadhi Mahmoud Mau wa Lamu zilisikika kwa miaka mingi kwa sauti zilizorekodiwa, nyingine zikighaniwa na watu wengine, kabla ya diwani yake kubwa kutolewa mwaka 2022 na Annachiara Raia na Clarissa Vierke pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service liliuza kanda za taarab, na kanda hizo zilivuka bahari mikobani hadi Maskat na Dubai. Mapenzi hayo ya ng'ambo yalizaa hata vikundi: East African Melody kilianzia Dubai.

Hapa ndipo penye jambo linalonisumbua, nami nalisema nikiwa mtunzi na mfasiri. Mapenzi ya sauti huhifadhi maneno na kupoteza jina. Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo za Ahmad Nassir na za Abdilatif Abdalla, na wapo waliozijua beti zile tangu utotoni wakidhani ni zake mwimbaji. Hakuwa na hatia, na wala wao hawana. Ndivyo kanda ilivyofanya kazi: gamba liliandikwa jina la aliyesikika. Hapa kwetu, katika vilabu vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1958, kuna nyimbo zinazoimbwa kila harusi ambazo ukiuliza mtunzi wake ni nani utajibiwa kwa jina la mwimbaji, na ukisisitiza utajibiwa kwa kimya. Ninapofasiri shairi nalazimika kuandika jina juu yake, na mara nyingi ndipo ninapogundua kwamba lugha nzima inalijua shairi na hakuna anayemjua mwenyewe.

Wapenzi wa zamani walikuwa na dawa ya maradhi hayo, nayo ilikuwa daftari. Wanawake wengi wa miji yetu waliandika nyimbo katika madaftari ya shule, kwa hati za Kiarabu au za Kirumi, wakiziazima na kuzinakili. Humo utakuta ubeti ambao haukurekodiwa, mstari uliobadilishwa ukumbini, na pembeni, kwa mkono mwembamba, jina la mtunzi na harusi ulipoimbwa mara ya kwanza. Madaftari hayo hayamo katika maktaba. Yamo katika masanduku, chini ya kanga na shahada za ndoa, na mwenye nayo anapofariki warithi hugawana kanga na kuyachoma makaratasi. Kanda nazo zinanasa na kuota ukungu. Siku hizi kila mwenye simu hutoka tamashani na picha mia na sauti saa mbili, na ushabiki haujawahi kuwa na vyombo vingi kiasi hiki. Lakini simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kilichomo hakina jina la mtunzi, wala mahali, wala tarehe ambayo mjukuu ataielewa.

Basi niwaombe wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi wao ni wapenzi wa zamani na wapenzi wa wapenzi. Aliye na daftari la mama yake au la shangazi yake asilichome. Alifungue, alipige picha ukurasa kwa ukurasa, aandike jina la aliyeliandika na mtaa alioishi, na nakala apeleke Nyaraka za Taifa Kilimani au kwenye chuo kilicho karibu naye. Aliye na kanda aisikilize na mzee mmoja ambaye bado anakumbuka, na aandike: mtunzi fulani, mwimbaji fulani, harusi ya nani, mwaka gani. Kama mwaka haujulikani, aandike ulikuwa kabla au baada ya jambo gani. Mwalimu Sikujua hakuwa na zaidi ya karatasi, wino na wazee wa kuwauliza, na wazee wa kuuliza ndio wanaotupungukia kila mwaka.